Alama za Vidole na Watu Wanaozisoma

Wekeni kando kalamu na madaftari kwa muda mfupi, maana leo tutaanza kwa kusoma kitu kisichoandikwa kwa wino. Kitu hicho ni vidole vyenu wenyewe.

Somo letu lahusu watu wanaosoma alama za vidole katika maabara za polisi. Maabara ni nyumba au chumba cha kuchunguzia vitu kwa njia za elimu. Tutaeleza kazi hiyo hufanywaje, kwa nini watu wake mara nyingi ni wachache, na kwa nini kuwaongeza si jambo la siku moja. Mwisho tutaona jinsi jambo hili linavyomgusa hata mtu ambaye hajakanyaga kituo cha polisi maisha yake yote.

Kidole kina maandishi yake

Tazama ncha ya kidole chako cha gumba. Ukikaa penye mwanga mzuri utaona mistari midogo midogo, imepangana kama matuta ya shamba lililolimwa vizuri. Sasa tazama mistari hiyo inakwendaje. Kwa watu wengi mistari huingia upande mmoja, hupinda, kisha hurudi kutokea upande ule ule. Umbo hilo huitwa kitanzi. Kwa wengine mistari huzunguka kama maji yanayozunguka mtoni. Umbo hilo ni mzunguko. Tena wako wachache ambao mistari yao huinuka katikati kama mgongo wa kilima, kisha hushuka upande wa pili. Hilo ni tao. Ukichukua alama 100 za vidole, vitanzi vitakuwa karibu 60 hadi 65, mizunguko karibu 30 hadi 35, na matao karibu 5.

Lakini umbo peke yake halitoshi kumtambulisha mtu, maana watu wengi mno wana vitanzi. Yafaa kutazama kwa karibu zaidi. Kuna mahali mstari hukatika ghafla. Kuna mahali mstari mmoja hugawanyika ukawa miwili, mfano wa njia panda. Kuna vistari vifupi vinavyosimama peke yake kama kisiwa. Mahali palipo na vitu hivyo, na jinsi vilivyopangana, ndipo mtu mmoja hutofautiana na mwingine.

Mistari hii huanza kufanyika mtoto angali tumboni mwa mama yake, karibu na mwezi wa tatu wa mimba. Hata mapacha wanaofanana mpaka mama mkwe akawachanganya, alama za vidole vyao hazilingani. Ukijikwaruza kidogo, ngozi hupona na mistari hurudi kama ilivyokuwa. Jeraha likiingia ndani sana huacha kovu, na kovu hilo nalo huwa alama.

Elimu hii ilianzaje?

Mwaka 1858, huko Hooghly katika nchi ya Bengal, Bara Hindi, alikuwako mtawala mmoja Mwingereza aitwaye William Herschel. Alifanya mapatano na mwenyeji mmoja aliyetakiwa kuleta vifaa vya kutengenezea barabara. Herschel akamwambia atie mkono wake wote wenye wino juu ya karatasi ya mapatano, ili asije akakana baadaye. Baadaye Herschel aligundua kwamba alama hizo hazibadiliki kwa miaka mingi.

Mwaka 1892 mtaalamu Mwingereza, Francis Galton, alitoa kitabu kueleza jinsi alama hizo zinavyotofautiana. Lakini palikuwa na shida moja kubwa. Ukiwa na karatasi 50,000 za alama, utaipataje moja unayoitaka? Kazi ya kuzipanga ilifanywa sana na watu wawili wa Bara Hindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, waliofanya kazi chini ya mkubwa wa polisi wa Bengal, Edward Henry. Walifanya hesabu ya kuzigawa karatasi katika mafungu 1,024, kila fungu mahali pake. Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta. Mwaka 1901 njia hiyo ikaanza kutumiwa na polisi wa London, na kwa miaka mingi iliitwa kwa jina la Henry, ingawa wale wawili ndio waliotoa jasho.

Basi oneni, tangu mwanzo kazi hii ilihitaji watu wenye akili na subira. Wino na karatasi hupatikana dukani kwa bei nafuu, lakini mtu aliyefundishwa hapatikani dukani.

Kutoka kwenye kitasa mpaka mahakamani

Sasa tufuate alama moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuseme duka limevunjwa usiku. Mwizi ameshika kioo cha dirisha. Kidole chake kilikuwa na jasho na mafuta kidogo, na jasho hilo likabaki juu ya kioo kwa umbo la mistari ya kidole. Kwa macho haionekani vizuri.

Askari aliyefundishwa hufika na brashi laini na unga mwembamba. Hupaka unga huo taratibu. Unga hushika penye jasho, na alama hutokea. Huipiga picha, kisha huibandua kwa utepe wa gundi na kuubandika juu ya kadi. Ikiwa alama iko juu ya karatasi, unga hautafaa sana. Hapo karatasi hupelekwa maabara na kutiwa dawa inayobadilisha rangi inapokutana na jasho.

Huko maabara kadi hupokewa na mchunguzi. Kazi yake ina hatua nne. Zikumbukeni, maana tutazirudia.

Hatua ya kwanza, huitazama ile alama ya dukani peke yake. Je, ni safi au imechafuka? Mistari yaonekana ya kutosha? Mara nyingi alama ni kipande tu, tena kimeburutwa au kimepandana na kingine. Huandika yote anayoyaona kabla ya kutazama alama ya mtu ye yote.

Hatua ya pili, huileta karibu alama ya mtu anayejulikana, na kuzilinganisha hizo mbili, mstari kwa mstari.

Hatua ya tatu, hutoa uamuzi. Aweza kusema, hizi zimetoka kwa mtu mmoja. Aweza kusema, hizi si za mtu mmoja. Tena aweza kusema, alama hii haitoshi, siwezi kuamua. Jibu hili la mwisho si aibu. Ni jibu la mtu mwaminifu.

Hatua ya nne, mchunguzi wa pili huichukua kazi ile ile na kuifanya upya, ili aone kama naye atafika pale pale.

Labda mtauliza, je, siku hizi kompyuta haifanyi kazi hiyo? Kompyuta husaidia sana. Marekani, kwa mfano, mwaka 1999 idara yao kubwa ya upelelezi, yaani FBI, ilianza kutumia mtambo wa kutafuta alama katika mamilioni ya kumbukumbu. Lakini kwa alama iliyookotwa mahali pa uhalifu, mtambo wa namna hiyo hutoa orodha tu ya watu ambao alama zao zaelekea kufanana. Baada ya hapo mtu hukaa na orodha hiyo na kuitazama alama moja moja. Mashine hupendekeza, binadamu huamua. Tena kwa kuwa mashine yatafuta upesi, kazi inayoletwa mezani kwa binadamu imezidi kuliko zamani.

Hesabu ya ubaoni

Chukueni kalamu sasa. Tutafanya hesabu. Mji huu hatuutaji jina, maana ni mfano wa kujifunzia tu.

Maabara ya polisi ya mji ina wachunguzi 4. Kila mmoja amaliza kesi 20 kwa mwezi. Basi 4 mara 20 ni 80. Lakini kila mwezi polisi huleta kesi 100. Kesi 20 zabaki kabatini. Mwaka una miezi 12. Kwa hiyo 20 mara 12 ni kesi 240 zinazongoja mwisho wa mwaka.

Wakubwa wa mji wanashtuka. Wanasema, haya, tuandike watu 2 zaidi. Watu 6 mara 20 ni 120, basi shida imekwisha. Je, ni kweli?

Si kweli bado. Mtu mpya hawezi kukaa mezani kesho akaamua habari ya kifungo cha mtu. Mafunzo ya mchunguzi kwa kawaida huchukua mwaka 1 hadi 2 kabla hajaruhusiwa kushika kesi peke yake. Tena nani atamfundisha? Ni wale wale 4. Tuseme mmoja wao atumia nusu ya wakati wake kufundisha. Basi yeye atamaliza kesi 10 tu. Jumla yao kwa mwezi sasa ni 70, wala si 80. Kesi 30 zabaki kila mwezi. Mafunzo yakichukua mwaka mmoja, 30 mara 12 ni 360. Jumlisheni na zile 240 za zamani. Mtapata kesi 600.

Basi mwaka ule mji uliotoa fedha za kuongeza watu, kabati limejaa zaidi kuliko mwaka uliotangulia! Hapo watu wasioelewa hupiga kelele. Husema fedha zimeliwa. Lakini ngojeni. Mwaka unaofuata wako wachunguzi 6 kamili. Wamaliza kesi 120, na zinazoingia ni 100. Wapunguza 20 kila mwezi. Gawanyeni 600 kwa 20, mtapata 30. Ni miezi 30, yaani miaka miwili na nusu, ndipo kabati litakuwa tupu.

Mkulima aelewa jambo hili upesi kuliko karani. Mnazi hupandwa kabla ya njaa ya nazi. Ukiupanda siku unayotaka kukuna nazi, utalala na mchuzi wa maji. Kadhalika wachunguzi huongezwa kabla kabati halijafurika.

Msidhani mambo haya yako ubaoni tu. Mji wa Houston, katika jimbo la Texas, Marekani, ulipata taabu hiyo. Mwaka 2009 ukaguzi ulionyesha makosa katika kazi ya alama za vidole ya polisi wa mji ule, na maelfu ya kesi yalikuwa yamelundikana. Mji ukalazimika kuwalipa wataalamu kutoka nje waje kuzipitia. Mwaka 2014 kazi ya maabara ikaondolewa mikononi mwa polisi, ikapewa shirika jipya la mji linalojitegemea.

Na kesi inayongoja si karatasi tu. Nyuma yake yuko mwenye duka aliyeibiwa mtaji wake. Yuko mshtakiwa aliye rumande ambaye huenda alama ile ingemtoa. Tena yuko mwizi mwenyewe, anayeendelea kuvunja madirisha mengine kwa sababu kadi yenye alama yake imelala kabatini.

Habari ya Boston

Sasa tuseme wakubwa wamechoka kungoja, wakaweka watu mezani bila mafunzo ya kutosha. Itakuwaje? Habari ya Boston, mji mkubwa wa mashariki ya Marekani, yatuonyesha.

Mwezi wa Mei mwaka 1997 askari polisi mmoja wa Boston alipigwa risasi akajeruhiwa. Aliyempiga alikimbilia katika nyumba ya watu, akanywa maji kwa kikombe cha kioo, kisha akatoroka. Juu ya kikombe kile polisi walipata alama ya kidole. Wachunguzi wa polisi wa mji wakasema alama hiyo ni ya kijana mmoja waliyemshuku. Mwaka 1998 alihukumiwa kifungo cha miaka 35 hadi 50. Alisema hakutenda, lakini kidole kilisemwa kuwa chake, na nani atabishana na kidole?

Miaka ikapita. Baadaye ilikuwako njia mpya ya kupima chembe za urithi za mtu, ziitwazo DNA, inayoweza kusoma hata mabaki ya mate. Walipopima kikombe na nguo alizoacha yule mpiga risasi, wakaona vyote vyatokana na mtu mmoja, wala mtu huyo si yule mfungwa. Alama ya kidole ikatazamwa upya, na kumbe nayo haikuwa yake. Mwezi wa Januari mwaka 2004 alifunguliwa. Alikuwa amekaa kifungoni zaidi ya miaka 6. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa akimtafuta mtu wa kweli, maana kesi ilihesabiwa kuwa imekwisha. Mwaka 2006 mji wa Boston ulikubali kumlipa dola milioni 3.2.

Mkubwa wa polisi wa Boston wakati huo alikuwa Bibi Kathleen O'Toole. Wataalamu wa nje waliitwa kuchunguza, na ikaonekana kwamba mafunzo ya watu waliosoma alama yalikuwa hafifu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2004 Bibi O'Toole aliifunga sehemu ile yote. Hakufukuza mtu mmoja na kuacha mengine yaendelee. Alifunga mlango. Baadaye sehemu hiyo ilijengwa upya, na badala ya askari waliohamishwa tu kutoka kazi nyingine, wakawekwa raia walioandikwa na kufundishwa kwa kazi hiyo hasa.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mji waweza kuwa na watu mezani, viti vyote vimejaa, na bado ukawa na upungufu wa wachunguzi. Mtu asiyefundishwa akihesabiwa kuwa mchunguzi, ni upungufu uliofichwa, na upungufu uliofichwa ni wa hatari zaidi kuliko kiti kitupu. Kiti kitupu huchelewesha haki. Mtu asiyejua huipotosha.

Hata mabingwa huteleza

Msije mkasema, basi wote wakifundishwa vizuri makosa yatakwisha. Mwezi wa Machi mwaka 2004 mabomu yalilipuka katika magari ya moshi mjini Madrid, Hispania, na watu zaidi ya 190 walikufa. Polisi wa Hispania walipata alama ya kidole juu ya mfuko uliokuwa na vifaa vya kulipulia. Picha yake ilipelekwa Marekani. Kompyuta ya FBI ikatoa orodha ya watu 20. Katika hao, wachunguzi watatu wa FBI wakasema ni wa nne, wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Hata mtaalamu wa nje alikubaliana nao. Yule wakili alikamatwa mwezi wa Mei, akakaa kizuizini karibu majuma mawili. Kumbe Wahispania walikuwa wamekwisha kusema kwamba hawakubali, na baadaye wakampata mwenye alama, mtu wa Algeria. Wakili akaachiliwa na kuombwa radhi, na mwaka 2006 Serikali ya Marekani ikakubali kumlipa dola milioni 2.

Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa mabingwa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba baada ya kuiona alama ya wakili, waliirudia ile ya mfuko na kuanza kuona ndani yake mambo waliyokwisha kuyaona kwa wakili. Mnakumbuka hatua ya kwanza? Tazama kwanza alama ya dukani peke yake. Hapo ndipo walipoteleza. Na wale waliohakikisha walijua tayari mwenzao amesema nini.

Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya jaribio moja dogo. Wachunguzi 5 wenye ujuzi walipewa alama mbili, wakaambiwa kwamba hizo ndizo zilizoleta kosa la Madrid. Kwa kweli zilikuwa alama walizozitazama wao wenyewe miaka iliyopita na kusema ni za mtu mmoja. Sasa, kwa kuwa wameambiwa habari ile, wanne kati ya watano walibadili jibu lao. Macho yalikuwa yale yale na mistari ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni neno walilotiwa sikioni.

Tena mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la wachunguzi 169 wa Marekani. Alama za watu mbalimbali zilipowekwa pamoja, kosa la kusema ni za mtu mmoja lilitokea kama mara 1 katika 1,000. Lakini alama za mtu mmoja zilipowekwa pamoja, walisema si zake kama mara 7 au 8 katika 100. Basi elimu hii ni nzuri, wala tusiidharau. Lakini yafanywa na binadamu, na binadamu ahitaji mwenzake.

Kwa hiyo idadi ya watu ina maana nyingine zaidi ya wepesi wa kazi. Maabara yenye mchunguzi mmoja haina hatua ya nne kabisa. Yenye wawili, kila mmoja ajua kila mara anayehakikisha kazi yake ni nani, na ni vigumu kumwambia rafiki yako unayekula naye kila siku kwamba amekosea. Wakiwa watu wa kutosha, kazi yaweza kupelekwa kwa mtu wa pili ambaye hajui wa kwanza alijibu nini, wala hajui polisi wanamshuku nani. Hapo ndipo uhakikisho huwa uhakikisho.

Mji ufanyeje?

Mji unaotaka kuongeza wachunguzi wake vizuri hufanya mambo haya.

Kwanza, huhesabu kesi zinazoingia na zinazotoka kila mwezi, ili uone upungufu mapema.

Pili, huandika watu wapya kabla ya wazee wa kazi kustaafu, ili ujuzi upokezwe mkono kwa mkono.

Tatu, huweka wakati na fedha za kufundisha, na kila mtu hupewa mtihani kabla ya kushika kesi. Marekani uko mtihani wa chama cha wataalamu wenyewe, ulioanza mwaka 1977.

Nne, huwalipa vizuri. Mchunguzi aliyefundishwa miaka miwili akiondoka kwa mshahara bora mahali pengine, mji umefundisha kwa faida ya jirani.

Tano, hupima kazi ya kila mtu mara kwa mara, hata ya mkubwa, na kosa likitokea hutangazwa, halifichwi.

Yote hayo yataka fedha, na fedha hupitishwa na baraza la mji mbele ya wananchi. Gari jipya la polisi kila mtu huliona barabarani. Mchunguzi aliyekaa chumbani na kioo chake cha kukuzia hakuna amwonaye. Kwa sababu hiyo yeye ndiye husahauliwa kwanza fedha zinapogawanywa.

Yatuhusu nini sisi?

Ndugu zangu, baadhi yenu mlipoanza darasa hili mlikuwa mkitia sahihi kwa dole gumba. Wako walioona aibu. Msione aibu. Dole gumba ni sahihi ya kale, yenye nguvu, ila ni vizuri mtu ajue karatasi yasemaje kabla ya kuitia dole. Hiyo ndiyo sababu mpo hapa.

Historia yetu nayo ina vidole ndani yake. Katika Kenya ya ukoloni, tangu karibu mwaka 1920, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole, nao walikitia ndani ya kikebe na kukivaa shingoni. Wazungu hawakuvaa. Alama ile haikuwa ya kumtafuta mwizi. Ilikuwa ya kumfunga mfanyakazi kwa tajiri wake. Siku hizi vidole vyatumika kwa mambo mengine. Kenya ilitumia mitambo ya kusoma vidole kuandikisha wapiga kura wa uchaguzi wa mwaka 2013. Tanzania ilianza mwaka 2019 kuandikisha laini za simu kwa vidole.

Jihadharini hapa, msichanganye mambo mawili. Unapoweka kidole juu ya mtambo dukani kwa wakala wa simu, alama yako ni safi na nzima, na mashine hulinganisha mara moja. Alama ya kwenye kioo kilichovunjwa ni kipande kilichochafuka. Hiyo yahitaji mtu. Basi mkisikia mahakamani neno hili, kidole chake kimeonekana, ulizeni kwa adabu maswali matatu. Nani aliisoma alama hiyo? Alifundishwa wapi? Na nani aliihakikisha bila kuambiwa jibu? Hakimu mwema hataudhika kwa maswali hayo, na mchunguzi mwema atayajibu kwa furaha.

Leo tumeona kwamba alama za vidole hazisemi zenyewe, bali husomwa na watu. Tumeona kwamba watu wakiwa wachache haki huchelewa, na wakiwa hawakufundishwa haki hupotea. Kuwaongeza kwataka kuanza mapema na kuvumilia.

Maneno ya kujifunza

Maabara: mahali pa kuchunguzia vitu kwa njia za elimu.
Mchunguzi: mtu atazamaye jambo kwa makini ili ajue ukweli.
Mtuhumiwa: mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa.
Kuhakikisha: kutazama tena ili kuona kama jambo ni kweli.
Kulimbikana: kuongezeka kwa vitu vinavyongoja kimoja juu ya kingine.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja hatua nne za kazi ya mchunguzi. Kwa nini hatua ya kwanza hutangulia?
2. Maabara ina wachunguzi 5, na kila mmoja amaliza kesi 15 kwa mwezi. Kesi zinazoingia ni 90. Ngapi zitabaki kwa mwaka?
3. Je, katika kijiji au mtaa wenu iko kazi ambayo mtu mmoja huifanya na mwingine lazima aihakikishe? Kwa nini?
4. Kama ungekuwa katika baraza la mji wa mfano wetu, ungewaambia nini watu wanaolalamika kwamba kabati limejaa zaidi baada ya fedha kutolewa?

Waalimu, wapeni watu nafasi ya kubishana juu ya swali la nne kabla ya kuwapa maoni yenu. Kwaherini, wasikilizaji wetu, mpaka juma lijalo.